Kipande Kilichozikwa Kirungu

Wewe unayesoma haya labda umeketi kwenye benchi la hospitali, karatasi mkononi, na kwenye karatasi hiyo kuna neno usilolijua. Nami niliketi hapo. Sikuandikii ili nikufundishe udaktari, maana sina. Mimi ni karani wa mizigo wa reli hapa Kalemie, na kwa miaka ishirini na tatu kazi yangu imekuwa kuandika jina la mtu na jina la mji juu ya gunia, kisha kuhakikisha gunia limefika. Nakuandikia kwa sababu nilipougua nilitafuta mtu aliyewahi kupita njia hii aniambie inavyokuwa, nami sikumpata. Tena nina kisa cha mama yangu, ambacho sasa tunakicheka nyumbani, ingawa siku kilipotokea hakuna aliyecheka.

Ilianza kwa choo cheusi. Uniwie radhi, lakini katika ugonjwa aibu ndiyo huwa ya kwanza kufungasha virago, basi tuizoee mapema. Choo kilikuwa cheusi kama lami, siku baada ya siku, nami nikasema ni sombe, yale majani ya muhogo. Mke wangu, Mama Neema, akajibu kwamba sombe tunakula sote na choo chake yeye hakina neno. Nikamwambia aache kunichunguza. Wiki ya pili nikaanguka ghalani, katikati ya mahindi yaliyotoka Nyunzu. Wenzangu wakanipandisha kwenye pikipiki, dereva mbele, mwenzangu mmoja nyuma, mimi nimebanwa kati yao nisianguke. Mtu wa mizigo nikawa mzigo.

Hospitalini waliniongezea damu, wakanipaka mafuta baridi tumboni, wakapitisha kile chombo cha ekografia kinachoonyesha ndani ya tumbo. Daktari wetu, mama mmoja mwenye sauti ndogo na macho yasiyokwepa, akatazama kioo muda mrefu mno. Tumboni mwangu mlikuwa na uvimbe. Akanituma Lubumbashi, na huko wakanipasua na kuutoa, ukubwa wa yai la bata. Nilipozinduka nilifikiri yamekwisha. Yule aliyenipasua akavuta kiti, akaketi. Ndugu yangu, daktari akivuta kiti, jikaze.

Aliniambia ile ni kansa, na kwamba juu ya ini kulikuwa na madoa mawili ambayo hakuyagusa. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa mara ya kwanza. Uvimbe wa namna yangu, alisema, mara nyingi hubeba protini fulani, wanaiita KIT. Ikiwa seli zake zinayo, kuna kidonge cha kumeza nyumbani ambacho kinaikamata protini hiyo na kuinyamazisha, na yale madoa ya ini huenda yakasinyaa. Ikiwa hazinayo, kidonge hicho kitakuwa sawa na kumeza chaki. Aliponiona nimekodoa macho akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. "Basi," akasema, "hiyo protini ni kama chefu, mkubwa wa stesheni, anayepiga kelele 'pakieni, pakieni', na hakuna treni. Watu wanapakia tu." Hapo nilielewa, kwa maana niliwahi kuwa na chefu wa aina hiyo. Nadharia yote ninayoijua ni hiyo, na imenitosha.

Kipimo chenyewe kilipaswa kufanyiwa mbali. Kwa bahati shemeji yangu Amuri, kaka wa mke wangu, huvuka ziwa kwenda Kigoma na kuendelea mpaka Dar es Salaam kwa biashara zake, na huko kulikuwa na maabara iliyokubali. Nikapewa kipande cha uvimbe wangu nikibebe mwenyewe. Usifikirie nyama mbichi. Kilikuwa kitu kidogo kama sabuni inapokaribia kwisha, kimegandishwa ndani ya nta nyeupe juu ya kiplastiki chenye namba, na nyama yenyewe ilionekana katikati, doa la kahawia. Wakakitia katika bahasha. Kilikuwa kimoja tu, wakanisisitizia hivyo mara mbili. Nilirudi Kalemie na mshono wangu, nikaiweka bahasha kwenye rafu ya jikoni, karibu na kopo la chumvi, mahali ambapo panya hawafiki. Amuri alikuwa afike baada ya wiki mbili.

Sasa sikiliza kosa langu. Miaka ishirini na tatu sijawahi kuruhusu hata kikapu cha kuku kiondoke bila kuandikwa. Juu ya bahasha ile sikuandika neno. Sikuandika kwa sababu mama yangu alikuwa njiani kuja kunitazama, na mama yangu anajua kusoma.

Mama anaishi Kirungu, kule juu kwenye milima ya Marungu, kwenye baridi, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Wajukuu humwita Kambo, yaani bibi, na sisi wengine tumefuata. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nina kidonda cha tumbo, kimetolewa, mambo safi. Niliona namhurumia. Methali ya mficha maradhi naijua tangu shule ya msingi. Nilidhani ilitungiwa watu wengine.

Akaja na maharagwe, viazi, na kuku mmoja aliyekuwa mgonjwa wa safari kuliko mimi. Alikaa siku kumi na moja. Alinipikia uji asubuhi, mchana, jioni, akaniogesha mgongo kwa kitambaa cha moto kama nina miaka minne, na mimi nina hamsini na moja. Nilipenda. Sitakudanganya, nilipenda sana. Alipoondoka aliniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa Kitabwa, lugha yetu, kisha akapanda boti ya Moba akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Siku tatu baadaye Amuri akafika, tayari kupokea bahasha. Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Palikuwa na chumvi tu.

Tulitoa kila kitu jikoni. Masufuria, unga, makaa, mpaka tukasogeza kabati ambalo halijasogezwa tangu tulipooana. Nilimlaumu binti yetu Neema, nikamlaumu paka wa jirani, kisha nikamgeukia mke wangu.

"Mama Neema, kulifika muntu humu jikoni?"

Akasimama na ufagio mkononi. Nikaona kwenye uso wake jambo likijiunga.

"Kambo aliniuliza," akasema taratibu. "Ile siku alikuwa anatafuta chumvi. Aliniuliza, hii ni nini? Nikamujibu, ni kile kipande walimutoa Papa Neema mu tumbo."

"Na yeye?"

"Aliuliza tu, mbona mumekiweka na chumvi?"

Lazima nikueleze. Kwa mama yangu, kilichotoka katika mwili wa mtu aliye hai hakitupwi, wala hakiwekwi juu ya rafu kama kiungo cha mchuzi. Kitovu chetu sote, watoto saba, kiko ardhini pale Kirungu, na anajua kila kimoja kilipo. Mjomba alipokatwa kidole na mashine ya kusagia, kidole kilizikwa kabla mjomba hajafika zahanati. Mtu akiacha sehemu yake ikizagaa, husema, mwili hautulii, unaitafuta. Mimi nilikulia humo na nilikuwa nimesahau kama mtu anavyosahau jina la mwalimu wake wa kwanza.

Kumpata Kambo kwa simu si jambo la dakika moja. Tunampigia katekista, katekista humtuma mtu, mama hupanda mpaka pale juu ambapo mtandao unashika. Tulingoja tangu saa mbili za asubuhi hadi karibu saa sita, sote wanne tumezunguka simu. Hatimaye nikasikia pumzi yake, imechoka na mlima.

"Mama, kile kintu kilikuwa mu anvelope, ku jikoni. Njo weye ulikibeba?"

"Njo mimi." Alikuwa na furaha, nakuapia. "Usisumbuke tena, mwanangu. Nimekwisha kukizika. Nimekiweka pembeni ya baba yako, upande wa kichwa. Tuliomba na katekista. Sasa utapona."

Amuri aligeukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sijamuuliza mpaka leo.

"Mama," nikasema, "kile kipande kinaombwa Dar es Salaam. Wanganga wa hospitali wanatafuta kintu mule ndani. Kama hakuna kile kipande, hawawezi kunipa dawa."

"Dawa ya nini? Kidonda si kimetoka?"

Nikatazama watu wangu.

"Haikuwa kidonda, Mama. Njo kansa. Na ingine imebakia ku ini."

Nilisikia upepo wa kule mlimani ukipita kwenye simu. Kisha sauti yake, imeshuka.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu Lubumbashi."

"Na nilikuwa mu nyumba yako siku kumi na moja. Napika. Nakuogesha. Weye unaniangalia tu mu macho."

Simu ikakatika. Tulipiga tena, haikupatikana. Kesho yake haikupatikana. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza Marungu na mtandao ukaenda nazo.

Siku zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko kupasuliwa, nami nakuambia wazi kwa sababu zitakufika kwa namna yake. Nilikuwa na hofu, na hofu ikivaa hasira huwa haijitambui. Nilimwambia mke wangu kwamba mdomo wake ndio utakaoniua. Akaweka chini sahani aliyoishika.

"Usinikasirikie mimi," akasema. "Kambo aliniuliza, nikamujibu kweli. Mu nyumba hii mimi njo muntu nasema kweli peke yangu."

Siku tatu hatukusemeshana. Neema alipeleka ujumbe kutoka meza hadi kiti, hatua nne. "Mama anasema chakula iko tayari." "Umuambie mama yako nimesikia." Binti wa miaka kumi na tisa, anasomea ualimu, tumemgeuza posta. Siku ya nne alitutazama sote wawili, akasema kwa utulivu kwamba ameacha kazi, kama tuna barua tupelekeane wenyewe. Mama Neema akaanza kucheka, mimi mshono ukaniuma kwa kucheka, kisha nikamwomba mke wangu msamaha nikiwa nimeshika tumbo. Aliniambia amenisamehe tangu juzi, alikuwa anangoja tu nifikishe barua mwenyewe.

Amuri hakuweza kungoja zaidi. Mizigo yake ilikuwa inaharibika. Aliondoka mikono mitupu. Daktari wetu alinisikiliza kisa chote bila kunikatiza, na najua alijizuia kucheka kwa sababu aliandika kitu kwenye karatasi ambayo tayari ilikuwa imejaa. Akaniambia bila kipande hawezi kunianzishia kidonge gizani, na kunipasua ini kwa ajili ya kipande kingine hapendi, kwa mwili niliokuwa nao. Nilikuwa nimebaki mifupa. Suruali nilifunga kwa kamba ya gunia.

Siku ya tisa tangu ile simu, mtu wa bandarini akaja mbio kwa pikipiki. "Papa Neema, mama yako iko ku beach. Anakataa muntu asimugusie muzigo."

Nikaenda bandarini. Nilimwona ameketi juu ya gunia la viazi la mtu mwingine, amelowa mpaka kiunoni, mikono yote miwili imekumbatia furushi la kitenge kifuani. Ana miaka sabini na sita. Kutoka Kirungu kushuka Moba njia ilikuwa tope tupu, boti ilichelewa siku mbili kwa sababu ya mawimbi, naye alilala kwa watu wa parokia akiwa na furushi chini ya kichwa. Hakunisalimu. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akaona ile kamba.

"Siku ingine ukinificha ugonjwa," akasema, "utajizika weye mwenyewe. Mimi sitakuja."

Kisha akanivuta, akaniweka kichwa begani, palepale mbele ya wapagazi wote ambao wananijua kama mtu mkali.

Nyumbani alifungua kitenge mbele yetu. Ndani mlikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa kifuniko kwa nta ya nyuki. Alikuwa ameliziba hivyo, alisema, ili mbwa wasisikie harufu na maji yasiingie, kwa sababu hawezi kumlaza mwanawe kwenye maji. Bahasha ilikuwa na unyevu kidogo pembeni. Kiplastiki kilikuwa kizima, namba inasomeka yote.

"Ulifukua peke yako?" nikamuuliza.

"Na nani tena? Nilimuambia baba yako: Papa, samahani. Nakamata huyu mutoto wako kidogo. Nitakurudishia kisha, lakini usiharakishe."

Nilitoka nje. Nililia nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo, na sioni sababu ya kukuficha.

Daktari alikigeuza kipande kwenye mwanga, akaitazama nta kwa muda. "Nta haiogopi udongo, inaogopa joto," akasema. "Kule mlimani ni baridi, Papa. Pengine kilikuwa salama kuliko ku jikoni yako, karibu na makaa." Mama yangu alikuwa amekaa pembeni. Alirekebisha kitenge chake kwa namna ambayo sote tuliielewa.

Ilibidi tungoje Amuri arudi tena. Safari hii niliandika. Nilitoa kalamu yangu ya kazini, nikaandika jina langu, jina la maabara, jina la mji. Mama akaniamuru nisome kwa sauti, nikasoma. "Na ndani ni nini?" akauliza. Nikaandika: kipande cha kansa ya tumbo. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena, na neno lile kwa mara ya kwanza likatoka kinywani mwangu bila kunikwama.

Majibu yalikuja mvua zikiwa zimekolea, barabara ya kwenda hospitali imekatika mara mbili. Daktari hakuvuta kiti. Alisimama mlangoni akiwa na simu mkononi, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Iko. Imejaa." Wagonjwa wengine walitushangaa, kwa kuwa Mama Neema alipiga vigelegele kwa kusikia kwamba kitu fulani kimejaa ndani ya uvimbe wa mume wake. Hata mimi niliona ajabu. Miezi yote nilikuwa naichukia ile protini kama mwizi, na sasa nilikuwa nashukuru kwamba yupo, ana sura, na anakamatika.

Kidonge chenyewe kinaitwa imatinib, na kilinifikia kupitia hospitali baada ya barua nyingi. Humezwa kila siku baada ya chakula, kwa glasi kubwa ya maji. Usikimeze na tumbo tupu. Mimi nilijaribu kuwa shujaa siku moja, na kichaka cha maua ya jirani yangu hakijanisamehe. Wiki za kwanza harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa ilinitoa nje ya nyumba, na katika Kalemie ukikimbia harufu ya ndagala huna pa kwenda. Mama Neema alianza kukaanga kwa rafiki yake, nyumba ya tatu, akirudi na sufuria limefunikwa. Mambo kama hayo ndiyo yaliyonibeba. Mwenzangu ghalani alikuwa akiniletea kiti, akikiweka tu karibu na mizani.

Ulipokwisha mwezi wa kwanza wa vidonge, macho yangu yakaanza kuvimba asubuhi. Nikiamka nilionekana kama mtu aliyelia tangu jana. Watu walinipa pole barabarani; mwanamke mmoja asiyenijua alinishika mkono akaniambia Mungu atanifuta machozi. Nilimshukuru, maana kumweleza kungechukua muda. Mwezi wa tatu, misuli ya vidole ikawa inakaza nikishika kalamu, na Neema alikaa nami jioni akivikunjua kimoja kimoja huku akisoma masomo yake.

Kisha rangi yangu ikaanza kwenda. Mimi ni mweusi wa Marungu, weusi wa baba yangu, na nilikuwa najivunia. Kidogo kidogo nikawa wa maji ya kunde, kuanzia usoni. Daktari alinieleza kwamba ile KIT ina kazi yake pia kwenye ngozi, na kidonge hakichagui. Lakini nenda ukawaeleze watu wa Kalemie. Jumapili moja, mama mmoja wa kwaya alimvuta mke wangu pembeni, akamwambia kwa upole mwingi kwamba mwanamume akifikia umri fulani huingiwa na mambo, lakini ambi, mafuta yale ya kujichubua, yanaharibu figo. Wapagazi walinibandika jina, Papa Klere, yaani Papa Mweupe. Jina likashika. Mpaka leo wananiita hivyo, nami naitika.

Mama ndiye aliyeudhika. Alikuwa amekataa kurudi Kirungu. Alisema hatarudi mpaka aone mwisho wa jambo hili kwa macho yake, si kwa simu. Alipolisikia jina lile sokoni aliweka kikapu chini, akawatangazia wauza nyanya wote ugonjwa wangu, protini yangu, kidonge changu na saa ninayokimeza. Nilipotoka kazini siku hiyo, watu watatu walinikumbusha kumeza.

Pamoja na mzaha huo wote, alikuwa amebadilika. Alikula kidogo. Alikuwa akinitazama nikimeza, kisha akitazama mikono yake. Nilidhani bado ana hasira nami kwa kumficha. Nilimuuliza mara moja, akajibu, "Hasira ilikwisha ku beach." Sikuendelea. Mama Neema alisema niache, mtu mzima ana mambo yake.

Mvua zikaisha, upepo wa kiangazi ukaanza kulikoroga ziwa, na siku ya ekografia ikafika. Mpaka pale hakuna aliyejua kama kidonge kinafanya kazi. Madoa mawili ya ini ndiyo yangesema. Tuliketi kwenye benchi, mke wangu kushoto, mama kulia. Mbele yetu mtoto alikuwa akilia, mzee alikuwa akisinzia, redio ya mlinzi ikisoma matangazo ya vifo. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilitaka kuishi, ndugu yangu. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka kuona Neema anafundisha, nilitaka kugombana na mke wangu mpaka tuzeeke.

Waliponiita nilisema tunaingia sote watatu, na muuguzi alipofungua mdomo kukataa, aliuona uso wa mama, akaufunga.

Mafuta baridi tena. Chombo kikazunguka chini ya mbavu, kikarudi, kikasimama. Daktari alipima kwa vialama kwenye kioo, akapima mara ya pili. Kisha akakigeuza kioo kwetu.

"Hili moja silioni tena," akasema. "Na hili lingine limesinyaa, limebaki kama nusu. Dawa inafanya kazi, Papa. Utaendelea kumeza, hatutaacha, na tutaangalia tena. Lakini inafanya kazi."

Mama Neema alishika mguu wangu, akaubana mpaka ukauma. Aliyesema ni mama.

"Munganga, niko na ulizo."

"Uliza, Mama."

Alisimama wima kama mbele ya hakimu. "Ile protini. Ilitoka kwangu? Njo mimi nilimuzaa nayo?"

Daktari akaweka chombo chini. Akasogea mpaka wakawa karibu.

"Hapana, Mama. Haukumupa. Sisi wote tuko nayo. Ya kwake iliharibikia mule mule mu tumbo yake, mu seli moja, akiwa tayari mukubwa. Hakuna muntu alimupa."

"Hata maziwa?" Sauti yake ilikuwa imekonda. "Nilimunyonyesha miaka mitatu. Wengine wote miwili, yeye mitatu, juu alikuwa dhaifu. Nilikuwa nawaza ni ile."

"Hata maziwa, Mama. Ile ilimupa nguvu tu."

Mama yangu hakulia tulipomzika baba. Alisimama na kuwapangia watu kazi. Siku ile, mbele ya kioo chenye ini langu, alijifunika uso kwa kitenge akalia kwa sauti, na mimi nikashuka kitandani na tumbo langu lenye mafuta nikamkumbatia. Tangu ile simu ya mlimani alikuwa amebeba jambo hilo peke yake. Alishuka nalo kwenye tope, akavuka nalo ziwa, akakaa nalo mvua nzima akinitazama nikimeza dawa ya kitu alichoamini amenilisha yeye. Mimi nilimficha siku kumi na moja. Yeye alinificha miezi saba.

"Mama," nikamwambia sikioni, "juu ya nini haukuniuliza?"

Akajifuta. "Ningekuuliza weye? Weye unajua nini?"

Tukatoka. Kwenye geti la hospitali kuna mama anayekaanga mikate ya mafuta, na mama yangu akasimama pale kama mtu aliyeshikwa na kitu. Akasema ana njaa. Alikula mmoja, akala wa pili, akasema mafuta ni ya jana na unga haujaumuka, akanyoosha mkono kuchukua wa tatu. Tulisimama juani, mke wangu na mimi, tukimtazama anavyokula.